Bibi wa Kabeya na Komeo la Chini

Nakumbuka siku moja kuliko hata ile niliyopewa diploma, mwanangu, na mambo yake yalianza kwa watu kunicheka. Mke wangu Odette alikuwa amesimama langoni na mfuko wa safari, anakwenda Kasenga kumwuguza mama yake aliyeanguka na kuvunjika mguu. Mimi nilikuwa nimemshika mkono mwanetu Kabeya, wa miaka miwili na miezi minane, na kwenye mkono wa pili nimempakata Ngalula, wa miezi kumi, aliyekuwa ameanza kutambaa. Odette alitaka kumbeba Ngalula mgongoni aende naye, maana alikuwa bado ananyonya. Nikamwambia amwache. Barabara ya Kasenga wakati wa mvua si ya mtoto mwenye kikohozi, nikasema, na mimi nina maziwa ya unga, nina chupa tatu, nina ratiba.

Jirani yetu Shabani, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameegemea baiskeli yake. Alilipokea neno hilo, ratiba, kama mtu aliyepewa pipi.

“Papa Diplome,” akasema, maana ndivyo alivyoniita, “mi nakupatia siku mbili. Ya tatu utamufwata mama kwa miguu mpaka Kasenga, mutoto moja mu mugongo, mwingine mu kichwa.”

Wakacheka wote waliokuwa njiani. Mama yake Shabani peke yake hakucheka. Tulimwita Nkambo Zaina, kwa kuwa kwetu Lubumbashi nkambo ni mzazi wa wazazi. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu, wa watu waliotoka Maniema zamani, mwembamba, asiyesema kwa sauti kubwa. Alisema tu kwamba mkono mmoja haulei mwana. Nikamjibu kwamba mimi ninayo miwili.

Usinihukumu haraka. Nilikuwa na sababu za kujisifu, na hata leo ninazo. Nilipoondoka kwenda Afrika Kusini walisema nitarudi mikono mitupu. Miaka saba niliosha magari mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma ya ufundi wa majokofu, ile iliyo ukutani, kwenye fremu. Walisema sitajenga. Nikajenga hapa mtaani Hewa Bora, tofali juu ya tofali, na ukuta wa lupango wangu, yaani kiwanja changu, ulizidi wa kila mtu kwenye barabara yetu, na juu yake nikapanda vipande vya chupa. Madirisha yote yana nondo. Mlango nilimwagiza Shabani huyo huyo: chuma kitupu, makomeo matatu, la juu, la kati na la chini. Aliniuliza la chini la nini, maana mtu mzima itambidi ainame. Nikamwambia wezi huanza kubenua mlango kwa chini. Siku zile nilikuwa na jibu la kila swali. Inachosha kuishi hivyo, lakini uchovu wake huujui mpaka umri ukufikie.

Sasa nikueleze kosa langu, maana halikuanza siku ile. Unajua kwetu bibi kizee humwita mjukuu wake wa kiume mume wake. Nkambo Zaina hakuwa wa damu yetu, lakini tangu Kabeya ajifunze kusimama, alikuwa amekwisha kumchumbia. Kila saa kumi na moja jioni alikuja akasimama nje ya lango letu na kuita, “Bwana yangu, ufungule, bibi yako amekuya.” Bibi, kwa Kiswahili chetu, ni mke. Kabeya aliacha chochote alichokuwa nacho mkononi, akakimbia, akaning’inia kwenye kitasa cha lango mpaka kikakubali. Nkambo alitoa kitumbua kwenye pindo la kitenge chake, Kabeya akamwonyesha kigoda, akamwambia akae, na Nkambo akakaa kwa adabu zote za mke mgeni. Siku moja mwanaume yule wa kimo cha sufuria alimkaripia mkewe kwa sababu kitumbua kilikuwa baridi. Odette alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesoma. Nikaona ni aibu mtoto wangu kufundishwa mambo ya wake kabla hajajua kujifunga vifungo vya shati. Nikamwambia Nkambo, tena mbele ya watu, kwamba mtoto huyu hana mke, ana jina, na anayetaka kumwona aje Jumapili baada ya chakula. Alinitazama kidogo.

“Muzuri, monsieur,” akasema, akaenda zake.

Mwanangu, mwanamke aliyemwogesha mwanao tangu kitovu hakijaanguka akikuita monsieur, kama mgeni wa ofisini, ujue umekwisha kukaripiwa. Mimi nilidhani ni heshima. Siku ya pili yake nikanunua kufuli la lango.

Basi Odette akaondoka, nami nikafunga. Siku ya kwanza ratiba ilienda vizuri mpaka saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeiandika kwa kalamu mbili, nyekundu ya Kabeya na bluu ya Ngalula, nikaibandika chini ya diploma. Saa nne Ngalula alitakiwa alale. Hakulala. Alipolala, Kabeya alikuja kumwamsha amwonyeshe kiatu. Nilipomtuliza Ngalula, Kabeya alikuwa amemimina nusu ya maziwa ya unga ndani ya kiatu kile na anakoroga. Nilipomwosha Kabeya, Ngalula alikula kipande cha ratiba, upande wa bluu.

Siku ya pili sikumbuki nilikula nini. Nakumbuka nepi. Mvua ya Lubumbashi ikishaanza msimu haikuulizi una watoto wangapi, na nepi zangu zilikaa kwenye kamba siku nzima zikarudi ndani mbichi kama zilivyotoka. Umeme ulikatika siku hiyo haukurudi. Usiku Ngalula alitafuta ziwa la mama yake kifuani kwangu, akalikosa, akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyetapeliwa. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utoto, nikidhani inawahusu wanawake.

Odette alipiga simu kila jioni kuuliza kama wote ni wazima. Nilimjibu, “Bote bazima, mama, balishalala,” huku Kabeya amesimama ndani ya ndoo na Ngalula ananivuta ndevu. Sikutaka mtu ajue. Na kwa sababu sikutaka mtu ajue, kila aliyebisha langoni nilimnyamazia. Shabani alibisha. Jirani wa mbele alibisha na sufuria ya uji. Siku ya pili jioni, saa kumi na moja, Nkambo Zaina alibisha mara moja tu, bila kuita. Kila walipobisha Kabeya alinyanyuka akimbie, na kila mara nilimshika bega nikamwambia, “Hapana. Hatufungulie muntu.” Alinitazama usoni akarudia polepole, kama alivyorudia maneno yote mapya. Hatufungulie muntu. Nilimsifu, nikampa biskuti.

Tufike siku ya nne. Ilikuwa mchana, saa tisa hivi, mawingu yamejaa upande wa mashariki. Nilikuwa nimewasha mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, nikaliweka kwenye ujia ndani ya nyumba kwa kuogopa mvua, na juu yake sufuria ya maji ya kuchemshia chupa. Mtu aliyelala vizuri hawezi kuingiza moto wa makala ndani ya nyumba yenye watoto. Mimi sikuwa nimelala. Mlango niliuacha wazi moshi upate kutoka. Ngalula nilimwacha kwenye mkeka sebuleni, Kabeya nikamwambia akae amlinde mdogo wake, nami nikatoka kuanua nepi kabla mvua haijafika. Kamba ilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Nilikuwa na nepi tano begani niliposikia chuma kikisogea.

Ilikuwa sauti ndogo. Nikageuka, mlango umefungwa.

Sikushtuka mara moja. Nilikwenda nikausukuma, haukwenda. Nikabisha, nikasema, Kabeya, fungua, ni papa. Na kutoka ndani, mwanangu, kwa sauti ya mtoto aliyeshika somo lake sawasawa, nikajibiwa:

“Hatufungulie muntu.”

Komeo la chini. Lilikuwa kwenye kimo cha kifua chake.

Nilikwenda dirishani. Kutoka pale niliiona sebule yote na ujia mpaka mwisho. Kabeya alikuwa amesimama mlangoni ananingojea nimsifu. Mkeka ulikuwa mtupu. Ngalula alikuwa ameshatambaa mpaka penye sakafu ya saruji, na mbele yake, mwisho wa ujia, makala yalikuwa mekundu, na pembeni ya sufuria lilining’inia taulo nililoliweka mimi mwenyewe la kushikia. Taulo la njano. Mtoto wa miezi kumi akiona kitu cha njano kinaning’inia, huhitaji diploma kujua atafanya nini.

Nilimwita. Aligeuka, akanichekea kwa yale meno yake mawili, akaendelea na safari. Nikamwamuru Kabeya afungue. Nikamwomba. Nikapaza sauti, na hapo ndipo nilipoharibu, maana alinyamaza, midomo ikaanza kumtetemeka, akaingia chini ya meza na kujifunika uso. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kwenda mbali nami. Nilizishika nondo za dirisha nikazitikisa. Zilikuwa imara. Nilikuwa nimezilipia ziwe imara.

Nikaita Shabani. Siku nne nilimnyamazia akibisha, na nilipomwita mara moja tu alikuja. Lango lilikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa kwenye suruali yangu nyingine, ndani. Akaweka ngazi upande wa kwao, akatupa gunia juu ya vile vipande vya chupa, akapanda, na gunia halikutosha. Alipotua upande wangu kiganja chake cha kushoto kilikuwa kinachuruzika damu. Alitazama mlango, akaupiga teke mara mbili, akasimama.

“Huu nilitengeneza miye mwenyewe,” akasema. “Hauvunjike. Na mashini ya kukata haiendi bila umeme.”

Moyo wangu ulikufa pale, mwanangu. Ndani Kabeya alikuwa ameanza kulia kwa sababu ya mateke. Moshi ulikuwa unatambaa darini. Ngalula alikuwa amefika katikati ya ujia, amekaa, anachunguza kitu sakafuni, na niliomba Mungu kitu hicho kiwe kitamu. Tone la kwanza la mvua likagonga bati.

Hapo sauti ya Nkambo Zaina ikatoka ng’ambo ya ukuta. Alituambia tunyamaze wote wawili. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia, chini ya meza, karibu na dirisha la mwisho. Nikamsikia akisogea kando ya ukuta, taratibu, anatafuta mahali. Mimi nilitaka akimbie. Mvua ikishashuka juu ya mabati hakuna sauti ya mzee itakayosikika.

Hakupaza sauti. Alisema kama alivyosema kila jioni kabla sijamkataza.

“Bwana yangu. Ufungule. Bibi yako amekuya.”

Kilio kikakatika.

“Bwana yangu, mvua inanyesha juu ya bibi yako. Kitumbua kitalowa.”

Matone mengine yakaanguka. Kisha chini ya meza tukasikia, “Bibi?”

“Eee, bwana yangu. Niko ku mulango.”

Niliona miguu yake miwili ikitoka chini ya meza. Alipita sebuleni bila kutazama dirishani. Alikuwa na hasira na mimi, na alikuwa na haki. Komeo lilikwama, akaguna, akalivuta tena kwa mikono yote miwili. Shabani alikuwa ameufunga mdomo wake kwa kile kiganja chenye damu. Chuma kikasogea. Nikaingia nikimruka Kabeya kama mwizi.

Ngalula alikuwa ameshalishika taulo. Sufuria ilikuwa inainama. Niliidaka kwa mkono mtupu nikaisukuma upande wa pili, maji yakamwagika ukutani, na yeye nikamnyanyua kwa kanzu yake. Matone mawili yalimpata kwenye mkono. Kovu lake lipo mpaka leo, dogo kama punje ya mchele, na kila anapolionyesha watu anasema ni la kuzaliwa. Hajui. Sasa atajua.

Nilipotoka na mtoto analia begani, Kabeya alikuwa bado amesimama mlangoni, anatazama uani kushoto na kulia. Akaniuliza, “Bibi iko wapi?”

Nilitafuta ufunguo, nikafungua lango. Nkambo Zaina aliingia amelowa, viatu mkononi. Kabeya alimletea kigoda, akakiweka pale kwenye kibaraza, akamwambia kaa. Akakaa. Kitumbua hakikuwepo, na mume yule alisamehe, akaegemea paja lake. Nilisimama mbele yao na nepi zangu tano zimeanguka matopeni. Nilitaka kusema kitu. Nikasema mtoto huyu hasikii.

Nkambo alikuwa anampangusa mafua kwa pembe ya kitenge. Hakunitazama.

“Anasikia sana, monsieur. Alifanya vile ulimufundisha.”

Mwanangu, nimekaripiwa na walimu, na wakubwa wa kazi, na askari wa mpakani. Hakuna karipio lililoniingia kama hilo, na lilisemwa kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto.

Alimchukua Ngalula kutoka begani kwangu, akampaka kitu kwenye mkono, akamfunga mgongoni. Nilikaa chini nikiegemea mlango, na nasikia nililala hapo hapo, mdomo wazi, mvua inanipiga miguu. Nilipoamka jirani wa mbele alikuwa amefua nepi zote. Sufuria ya uji ilikuwa mezani. Shabani, mkono umefungwa kitambaa, alikuwa amelifungua komeo la chini na kulitoa, ameliweka juu ya meza chini ya diploma. Nilimwuliza mbona hanicheki. Akasema atacheka baada ya chakula, na kweli alicheka baada ya chakula.

Odette aliporudi siku ya sita alikuta lango wazi na nyumba ina watu. Nilimweleza yote, hata taulo la njano. Hilo lilikuwa gumu kuliko kurudi na diploma. Alimbusu Ngalula kwenye mkono, kisha akaniambia nikanunue unga wa vitumbua.

Ninachotaka ushike, wewe unayesoma haya labda umempakata mmoja na mwingine anakuvuta suruali, ni hiki. Kuchoka si aibu. Mimi nilichoka siku ya kwanza saa nne asubuhi, na kama ningefungua lango saa nne na nusu, Ngalula asingekuwa na kovu. Jenga ukuta, ni haki yako, umeutolea jasho. Lakini kabla hujaweka kufuli, hesabu ni nani amebaki nje anayeijua sauti ya mtoto wako. Usimkatie mtoto mazoea yake na wazee kwa sababu wewe huyaoni kwenye vitabu. Na angalia unachomfundisha ukiwa umechoka, kwa sababu hicho ndicho atakachokishika kwanza.

Wengi walinikopesha mikono wiki ile, na mimi si mtu wa kukaa na deni. Aliyefua nepi nilimtengenezea jokofu lake, likagandisha mpaka akaanza kuuza barafu. Nkambo Zaina nilimwomba msamaha, mbele ya watu kama nilivyomkosea, na Shabani akatoboa kijilango kwenye ukuta kati ya kwangu na kwao, kisicho na komeo. Nkambo alikitumia kila saa kumi na moja, lakini mimi bado aliniita monsieur.

Deni la Shabani lilikaa mwaka mzima. Msimu wa mvua uliofuata mke wake alilazwa hospitali siku tisa, na Nkambo mgongo haukumruhusu tena kubeba mtoto; basi asubuhi moja alipita kwenye kijilango kile na watoto wake wawili, wa miaka mitatu na wa miezi saba, macho mekundu, shati ndani nje. Hakuomba. Alisimama tu. Nilimchukua mdogo. Alilia, na mikononi hakutulia, na kwenye kiti hakutulia, basi nikachukua kitenge cha Odette, nikainama, nikamfunga mgongoni kama nilivyoona wanawake wakifunga maisha yangu yote, nikatoka naye barabarani, mwenye diploma, fundi wa majokofu, na wale wengine watatu wananifuata kwa mstari. Watu walitoka malangoni kutazama. Wanaume walipiga miluzi. Mmoja aliniuliza kama nitanyonyesha pia. Nilitembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, na mtoto akalala.

Nkambo Zaina alikuwa ameketi mbele ya lango lao. Aliniangalia nikija, akanyanyuka kwa shida, akanizunguka nyuma, akakaza fundo la kitenge lililokuwa limelegea.

“Inama kidogo, mwanangu,” akasema. “Vile. Sasa hataanguka.”

Hapo nikajua nimelipa.

Neno hilo alilonipa ndilo ninalokuita nalo wewe leo. Mungu akupe usingizi hata wa nusu saa. Akupe watoto wanaopiga kelele, maana kimya chao kinatisha. Na siku mlango utakapokataa kufunguka, awepo nje mtu ambaye mwanao ataijua sauti yake.